Nusu kwa nusu ni haki ya nani?

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuta kadi tatu za michango mezani kwangu kazini. Mbili za harusi, moja ya kipaimara. Jamaa mmoja wa chumba cha habari akaanza kulalamika kwamba huu sasa ni unyang'anyi, mtu unatoka jasho mwezi mzima halafu wengine wanakuja na kadi. Dada mmoja aliyekulia kwenye nyumba ya watu kumi na wanne akamtazama kana kwamba katukana. Wakabishana mpaka saa ya chakula, na kila mmoja akidai kwamba anatetea haki.

Ubishi huo umenikumbusha kisa kimoja. Mwaka 1982 wachumi watatu wa Ujerumani, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze, walichapisha matokeo ya mchezo mmoja rahisi sana. Wewe unapewa, tuseme, shilingi 10,000 na kuambiwa umgawie mtu usiyemjua. Yeye akikubali mgawo wako, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote mnaondoka mikono mitupu. Kwa hesabu za vitabuni ungempa shilingi mia tu na angepokea, maana mia ni bora kuliko sifuri. Lakini wanafunzi wa Köln hawakufanya hivyo. Wengi walitoa karibu na nusu, na waliopewa kidogo mno walisusa. Mchezo ukarudiwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, majibu yakawa karibu yale yale. Basi wataalamu wakatangaza kwamba binadamu ndivyo alivyo. Binadamu gani? Mwanafunzi wa chuo kikuu!

Mwaka 1996 kijana mmoja Mmarekani, Joseph Henrich, akaupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga katika msitu wa Amazon nchini Peru. Kule wengi walitoa asilimia 15 tu, na waliopewa walipokea karibu wote bila kununa. Kwao aliyepangiwa kupokea alikuwa na bahati mbaya siku hiyo, basi. Unaweza kusema ni wachoyo, lakini subiri kwanza. Ni watu wanaoishi familia kwa familia, kila mmoja na shamba lake, na kugawana na mgeni ni jambo lisilo na kanuni kwao.

Henrich na wenzake wakatawanyika katika jamii 15, na matokeo yakaanza kutoka mwaka 2001. Kule Lamalera, Indonesia, wanakovua nyangumi kwa pamoja na kila kipande cha mnyama kina mwenyewe tangu kabla chombo hakijatoka pwani, watu walitoa zaidi ya nusu. Papua New Guinea, kwa Waau na Wagnau, wapo waliopewa zaidi ya nusu wakakataa! Kule zawadi ni deni, na ukipokea kikubwa umejifunga kwa mtoaji.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo mimi nilipokwama. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanasifiwa dunia nzima kwa kugawana. Akiuawa mnyama mkubwa, nyama inaenda kambi nzima. Ungetarajia waongoze kwa ukarimu. Lakini Frank Marlowe, aliyeishi nao miaka mingi, alipouendesha mchezo, katika kambi ndogo walitoa wastani wa asilimia 27 hivi, na migawo mingi ikakataliwa. Ikawaje?

Marlowe anaeleza kwamba nyama ile haigawiwi kama sadaka. Wenzako wanaidai, na wewe huna namna ya kuwazuia. Wapo wawindaji wanaokaa pembeni ya kambi mpaka giza liingie ndipo waingize mzigo kibandani kimya kimya. Katika mchezo hakuna anayekuona wala wa kukudai, kwa hiyo unabakiza. Mimi sioni unafiki hapo. Haki ya Mhadzabe iko mkononi mwa anayeomba, wakati sisi tumezoea kuitafuta moyoni mwa anayetoa. Na kuna watu wanaokula kila siku kwa utaratibu huo, bila ghala na bila benki. Miji yetu inaringa kwa nusu kwa nusu, na bado kuna anayelala njaa.

Kwa Waorma wa Mto Tana, Kenya, Jean Ensminger alikuta wastani wa asilimia 44, karibu kabisa na wale wanafunzi wa Ulaya. Waorma wengi walikuwa wameshaingia kwenye biashara ya mifugo na kazi za mshahara. Alipowaletea mchezo mwingine, wa kuchangia kapu moja ambalo baadaye hugawanywa kwa wote, hawakuhitaji maelezo marefu. Wakasema hii si ni harambee! Wakachanga zaidi ya nusu ya walichopewa. Walishawahi kuchangia shule zao kwa njia hiyo, kwa hiyo mchezo wa Mzungu ulikuwa na jina tayari.

Nadhani jamaa yangu na yule dada nao walikuwa kwenye michezo miwili tofauti. Yeye alijiona amepewa fedha na mtu asiyemjua, dada aliona nyama imefika kambini.

Kadi zangu mbili nimelipa. Ya tatu nangoja giza liingie.