Mabadiliko ya Hatari katika Tiba ya Uvimbe wa Tezi ya Pituitari, 1893–1967

Tezi ya pituitari, yenye ukubwa unaokaribia punje ya mbaazi, imekaa chini ya ubongo, nyuma ya shina la pua. Juu yake hupishana neva za macho. Kandokando yake hupita ateri za karotidi. Kutokana na mahali hapo, uvimbe wake huweza kupofusha, na tiba yake huweza kuua. Maandishi mengi ya historia ya tiba hiyo yameegemea idadi ya vifo vya upasuaji. Insha hii inatetea hoja kwamba kipimo hicho pekee hakitoshi, kwa kuwa vifo vilipopungua, sehemu ya hatari ilihamia katika maisha ya mgonjwa baada ya kutoka hospitalini.

Mwaka 1893, mjini Liverpool, Caton na Paul waliripoti jaribio la kufungua fuvu. Uvimbe wenyewe haukufikiwa. Mwaka 1906 Victor Horsley wa London alitoa taarifa ya wagonjwa kumi, wawili kati yao wakiwa wamefariki. Kupitia fuvuni kulilazimu ubongo uinuliwe, jambo lililoweza kuuumiza. Kwa sababu hiyo Hermann Schloffer, mjini Innsbruck, alipitia puani mnamo Machi 1907. Mgonjwa wake alinusurika upasuaji, lakini alifariki miezi michache baadaye, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa imebaki.

Harvey Cushing wa Marekani aliifanya njia ya pua kuwa ya kawaida. Kati ya mwaka 1910 na 1925 aliwapasua kwa njia hiyo wagonjwa 231, na vifo vilikuwa asilimia 5.6. Hata hivyo, kidonda cha puani kiliweza kuvujisha maji yanayozunguka ubongo na kuwafungulia vijidudu mlango wa kuelekea kwenye utando wake, wakati ambapo homa ya uti wa mgongo haikuwa na dawa ya kutegemewa. Isitoshe, njia ya fuvuni ilimwezesha mpasuaji kuziona neva za macho na kuzipunguzia mgandamizo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, Cushing alikuwa ameirudia njia hiyo, na wengi walimfuata. Norman Dott wa Edinburgh, aliyejifunza kwake, aliendelea kupitia puani. Kutoka kwake Gerard Guiot wa Paris aliipokea njia hiyo, naye Jules Hardy akaipeleka Montreal na kuiongezea hadubini katika miaka ya 1960.

Njia iliyorejea ilikuwa ileile, ila mazingira yake yalikuwa yamebadilika. Penisilini ilikuwa imepatikana, picha za eksirei zilimwongoza mpasuaji, na kotisoni ilikuwa imeingia katika matibabu baada ya mwaka 1949. Kabla ya kotisoni, mgonjwa ambaye pituitari yake ilishindwa kuziamuru tezi za adrenali aliweza kufariki baada ya upasuaji uliofanyika vizuri. Kwa hiyo takwimu za vifo za zama hizo hupima pia upungufu wa dawa, na haziwezi kusomwa kama kipimo cha ustadi wa mikono pekee.

Waliopona walibeba mzigo wa namna nyingine. Baadhi walihitaji homoni maisha yao yote; wengine walikojoa maji mengi kupita kiasi na kusumbuliwa na kiu isiyokatika. Madhara ya mionzi kwa tezi yaliweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Mwaka 1958 Don Nelson na wenzake walieleza kisa cha mgonjwa aliyeondolewa tezi zote mbili za adrenali ili kutibu ugonjwa wa Cushing: uvimbe wa pituitari ulikua na ngozi yake ikawa nyeusi zaidi. Tiba iliyouzima ugonjwa mmoja ilikuwa imeuchochea mwingine.

Mgonjwa wa aina hiyo huhesabiwa miongoni mwa waliopona katika jedwali la vifo. Mtafiti anayeishia kwenye jedwali hilo humwacha nje ya historia mtu yuleyule ambaye tiba ilikusudiwa kumwokoa.