Rage Against the Machine

Rage Against the Machine lilikuwa kundi la muziki kutoka Los Angeles, California, nchini Marekani, lililochanganya rapu na roki nzito ya metali. Liliundwa mwaka 1991 na wanamuziki wanne: Zack de la Rocha (mwimbaji), Tom Morello (gitaa), Tim Commerford (gitaa la besi) na Brad Wilk (dramu). Lilitoa albamu nne tu za studio kati ya mwaka 1992 na 2000, lakini nyimbo zake zinaendelea kusikika hadi leo, wakati mwingine hata kwa watu ambao ziliwalenga.

Asili na muziki

Siasa za kundi hili zilianzia nyumbani. Baba yake de la Rocha alikuwa mchoraji katika harakati za Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Baba yake Morello, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya aliyeiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa; Morello mwenyewe alilelewa na mama yake, mwalimu, katika mji mdogo wa Illinois, kisha akasoma Harvard.

Albamu ya kwanza ilitoka Novemba 1992, miezi michache baada ya ghasia zilizozuka Los Angeles kufuatia kuachiwa huru kwa polisi waliompiga Rodney King. Jalada lake lina picha ya mtawa Thích Quảng Đức akijichoma moto mjini Saigon mwaka 1963. Ndani yake imeandikwa kwamba hakuna kinanda wala sauti zilizonakiliwa kutoka rekodi nyingine. Maelezo hayo yalihitajika, kwani Morello alilifanya gitaa litoe mikwaruzo kama ya DJ anayesugua sahani ya santuri.

Urithi

Makundi mengi ya miaka ya 1990 yaliiga mchanganyiko huo wa sauti, ila siasa waliziacha. Mwaka 2015 Commerford aliomba radhi kwamba kundi lake lilichangia kutokea kwa Limp Bizkit.

Suala la nani anausikiliza muziki huu, na anausikiaje, limejitokeza mara nyingi. Mwaka 2012 Paul Ryan, mgombea umakamu wa rais wa chama cha Republican, alitajwa kuwa mpenzi wa kundi hilo. Morello alijibu kwa makala kwamba Ryan ndiye mfano halisi wa mashine wanayoipinga. Jambo zito zaidi lilikuwa gereza la Guantanamo, ambako muziki wa kundi ulikuwa miongoni mwa ule uliopigwa kwa sauti kubwa kuwatesa wafungwa. Mwaka 2009 Morello aliungana na wanamuziki wengine kuitaka serikali ya Marekani itoe hadharani nyaraka kuhusu matumizi hayo.

Mwaka huohuo, mashabiki nchini Uingereza walichoshwa na washindi wa shindano la X Factor kushika namba moja kila Krismasi. Mume na mke mmoja walianzisha kampeni kwenye Facebook, na wimbo "Killing in the Name", uliokuwa na umri wa miaka 17, ukashinda kwa kununuliwa mara zaidi ya 500,000 katika wiki moja. Kundi lilitoa mapato yake kwa shirika la Shelter linalosaidia wasio na makazi, na Juni 2010 likafanya onyesho la bure katika bustani ya Finsbury, London. Wakosoaji hawakukawia kukumbusha kwamba rekodi zote mbili zilizoshindana zilikuwa chini ya Sony. Lawama hiyo haikuwa mpya: tangu mwanzo kundi liliulizwa kwa nini linaupinga ubepari huku likitumia kampuni kubwa. Jibu lake lilikuwa kwamba ujumbe lazima uwafikie watu wengi.

Kundi lilivunjika mwaka 2000, likarudi jukwaani mwaka 2007, na tena mwaka 2022, ziara iliyokatizwa baada ya de la Rocha kuumia mguu. Mwaka 2023 liliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Kati ya wanne, ni Morello pekee aliyehudhuria. Januari 2024 Wilk alitangaza kwamba hawatapiga tena pamoja.