Mkasi na Fomu ya Sensa

Mei 1987, maelfu ya watu huko Ujerumani Magharibi walipokea fomu ya sensa, wakaiweka mezani, wakatafuta mkasi. Hawakuichana. Walikata kipande kidogo tu, kile chenye nambari, kisha wakairudisha. Kwani nambari ina shida gani? Jina lako lilikuwa kwenye karatasi moja, majibu yako kwenye nyingine, na nambari ndiyo iliyoziunganisha. Ukiikata, majibu yanabaki bila mwenyewe.

Hebu turudi nyuma miaka minne. Sensa hiyo ilikuwa ifanyike 27 Aprili 1983. Maswali yenyewe hayakuwa ya kutisha: unaishi na nani, unafanya kazi gani, unaenda kazini kwa basi au kwa gari. Ukiyasoma leo utashangaa kelele zote zilitoka wapi. Zilitoka hasa kwenye kifungu kimoja cha sheria ya sensa, kilichoruhusu serikali za mitaa kulinganisha majibu na daftari lao la wakazi na kulisahihisha. Yaani umeambiwa unahesabiwa, kumbe pia unakaguliwa. Jibu ulilompa karani mlangoni lingeweza kutua kwenye meza ya afisa mwingine kabisa, mwenye jina lako na sababu zake.

Wazee wa nchi hiyo walikuwa na kumbukumbu. Sensa ya 17 Mei 1939, chini ya Wanazi, ilikuja na kadi ya ziada. Uliulizwa kuhusu babu na nyanya zako, wote wanne, mmoja mmoja: alikuwa Myahudi au la? Kadi iliingizwa kwenye bahasha ikafungwa, ati ni siri. Wanahistoria bado wanabishana kadi hizo zilichangia kiasi gani Wayahudi walipoanza kusafirishwa kwenda kuuawa. Mimi naona ubishi huo haupunguzi uzito wa jambo. Swali liliulizwa, majibu yakakusanywa, na aliyeyashika ndiye aliyekuwa anawinda.

Na usidhani haya ni ya madikteta pekee. Marekani nayo iliwaahidi raia wake siri kwenye sensa ya 1940. Machi 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Bunge likaondoa ulinzi huo. Idara ya sensa ilikuwa imeshasaidia kwa takwimu tu, mtaa kwa mtaa, kuonyesha watu wenye asili ya Japani wanaishi wapi kwenye pwani ya magharibi. Zaidi ya watu 110,000 walipelekwa kambini, wengi wao raia halali wa Marekani. Kisha mwaka 2007 watafiti Margo Anderson na William Seltzer wakaonyesha nyaraka za Agosti 1943: idara hiyo ilikabidhi majina na anwani za watu wa asili hiyo waliokuwa eneo la Washington. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita.

Basi Wajerumani wakaenda kortini. Mawakili wawili kutoka Hamburg, Maja Stadler-Euler na Gisela Wild, walikuwa miongoni mwa walalamishi, na malalamiko yalipita elfu moja. Tarehe 13 Aprili 1983, wiki mbili kabla ya sensa, Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe iliisimamisha. Uamuzi kamili ulitolewa 15 Desemba. (Mwaka uliofuata ulikuwa 1984, na kila aliyemsoma George Orwell alikuwa na utani wake.)

Majaji hawakupiga marufuku kuhesabu watu. Walisema serikali inahitaji takwimu, na maswali mengi yakapita. Walichofuta ni ule ulinganishaji wa daftari. Wakasema mtu ana haki ya kuamua mwenyewe nani ajue nini kumhusu, na serikali ikitaka kuikatiza haki hiyo, sheria iseme wazi ni kwa ajili gani. Wakaongeza hoja ambayo kwangu ndiyo kubwa: kwenye zama za kompyuta hakuna taarifa isiyo na maana, kwa sababu kila kijisehemu kinaweza kuunganishwa na kingine. Ndiyo maana fomu ya 1987 ilitenganisha jina na majibu. Na bado watu wakatafuta mkasi.

Sisi tulikuwa na mkasi wetu. Sensa ya 2009 iliuliza kabila, wakati makovu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hayajakauka. Watu 610,122 waliandikishwa kama Wakenya tu, bila kabila. Miaka kumi baadaye tukapata Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyoazima mengi kutoka Ulaya. Inaruhusu data kutumika kwa utafiti na takwimu, mradi isichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Si sheria ya kupamba kabati: Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alisema utoaji wa kadi za Huduma Namba ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza athari zake kwa data za watu.

Lakini angalia dodoso zinazozunguka kwenye grupu zetu za WhatsApp. Ni utafiti wa afya ya akili, au kura ya maoni kuhusu siasa, na swali la kwanza ni jina, la pili nambari ya simu, ili utumiwe bando. Sawa, bando haliwezi kutumwa hewani. Ila nambari ikae kwenye orodha yake, mbali na majibu, na ifutwe bando likishafika. Badala yake zote zinakaa kwenye jedwali moja, na linki inapitishwa kwa kila msaidizi wa utafiti.

Hata jina likiondolewa, kazi haijaisha. Chukua utafiti wa wafanyakazi kwenye ofisi ya watu 40: mwanamke, miaka 34, idara ya uhasibu, anasema bosi anamsumbua. Idara hiyo ina wanawake wawili, na mmoja anakaribia kustaafu. Ripoti ikifika kwa bosi, hatahitaji kuuliza ni nani.