Pikapu Kuukuu na Vijana wa Kilolo

Kitu hupata heshima mara mbili: kinapokuwa kipya, na kinapokuwa kimebaki peke yake. Katikati ya nyakati hizo mbili hudharauliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu za zamani huku kwetu Kilolo. Kwa miaka mingi zilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakitaga juu ya viti vyake, na mwenyewe alipoulizwa alijibu kwa aibu kidogo kwamba ile imekufa. Sasa vijana wanazifufua. Wanazitafuta Dabaga, Mtitu na Bomalang'ombe, wanazivuta kwa trekta hadi gereji, na baada ya miezi kadhaa unaiona moja barabarani imebeba viazi au mbao, kijana ameegemeza kiwiko dirishani kama bwana harusi.

Wazee wenzangu wengi husema huo ni mchezo wa ujana, utapita. Mimi naona kuna jambo kubwa zaidi ndani yake, na ili kulieleza sina budi kurudi nyuma kidogo.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo watengenezaji wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio uliolipa gari umri mrefu, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama bati. Kinachooza kwanza ni chesisi, nayo huchomelewa. Mwaka 1956 likaja umbo refu, lenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hilo, likiwa na kibanda cha watu watatu mbele na karai wazi nyuma, ndilo watu wa huku walilokuwa nalo akilini waliposema "pikapu" bila kuongeza neno.

Lilikuwa kama limebuniwa kwa ajili yetu. Wilaya ya Kilolo, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kuigawa Wilaya ya Iringa, ina sehemu za chini zenye joto kama Ruaha Mbuyuni, lakini sehemu yake kubwa ya kilimo iko juu, kwenye milima ya Udzungwa. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Katika hali hiyo dereva alihitaji ile mikono miwili midogo pembeni mwa gia: wa njano wa kuunganisha magurudumu ya mbele, na mwekundu wa kuingiza gia za nguvu. Betri ikifa porini, alichukua hendeli, akaichomeka chini ya rejeta, akazungusha, injini ikaitika.

Lakini gari hilo halikuwa la kila mtu. Lilikuwa la serikali, la misheni, la mashirika ya umma yenye namba za SU, na la wakulima wachache waliojiweza. Mwananchi wa kawaida alilijua kwa sauti kabla ya kulijua kwa macho. Sauti hiyo ilikuwa na habari mbili. Ingeweza kuwa ya mganga anayeleta chanjo, au ya gari linalomkimbiza mama mwenye uchungu kwenda hospitali Iringa. Ingeweza pia kuwa ya watoza kodi. Na baada ya Novemba 1973, ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri kwa nchi nzima, ingeweza kuwa ya watu waliokuja kukuambia ubomoe nyumba yako uhamie kwingine. Mpango huo ulipangwa ukamilike mwaka 1976. Kuna familia zilizobebewa vyombo vyao na pikapu hizo hizo, jiko, mitungi na vinu vikigongana nyuma.

Baadaye likaja jambo lililozigeuza pikapu kuwa shule. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati hapo, mwishoni mwa mwaka 1978, ikaanza vita ya Kagera, na magari ya watu binafsi na ya mashirika yakachukuliwa kubeba askari na vyakula. Fedha za kigeni zikaadimika. Spea hazikupatikana. Ndipo mafundi wetu walipojifunza kutengeneza kisichotengenezeka. Bushi zilikatwa kutoka kwenye matairi makuukuu, gasketi zilichongwa kwa karatasi ngumu, jani la springi lililovunjika lilibadilishwa kwa jani lililotolewa kwenye lori. Utingo aliyekuwa akiinua jeki kwa miaka mitano alijikuta ni fundi kamili bila kukaa darasani hata siku moja. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa mikononi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana alikozipata. Miongoni mwa vitu vilivyoonekana upesi barabarani ni pikapu. Toyota Stout, Hilux, Datsun na Peugeot zikaanza kushindana na Land Rover. Dar es Salaam magari yaliyofungwa mabenchi, abiria wakikaa wakitazamana, yalipewa jina la "chai maharage". Huku kwetu pikapu zilibeba matenga ya nyanya kutoka Ilula, madumu ya ulanzi, njegere, na watu juu yake. Kisha yakaja malori madogo ya Kijapani yaliyokwisha tumika, yenye mafuta nafuu na spea kila duka. Land Rover ikaegeshwa uani. Ikaanza kudharauliwa.

Yapo mambo mawili yaliyokaribia kuzimaliza kabisa. La kwanza ni ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo iliendelea kuhesabiwa hata kwa gari lisilotembea. Mtu alikuwa na mkweche usio na injini, na deni lake linakua kila mwaka kuliko thamani ya gari. Nani angethubutu kuliondoa hapo lilipo? Katika bajeti ya mwaka 2017 ada hiyo ilifutwa, madeni ya nyuma yakasamehewa, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Sisemi kwamba aliyepanga bajeti alizifikiria pikapu za Kilolo. Nasema tu kwamba kijana aliyekuwa akiliangalia gari la marehemu babu yake kwa hamu alipata mlango.

La pili bado lipo, nalo ni biashara ya vyuma chakavu. Ile aluminiamu iliyookoa gari kutokana na kutu ndiyo inayolitia hatarini, kwa sababu huyeyushwa ikawa sufuria. Mnunuzi huja na mizani yake, hukata bodi kwa shoka, hulipa kwa kilo, na jioni hiyo historia ya nyumba nzima imeondoka katika viroba vinne.

Kwa hiyo vijana wanaokoa. Ila wanaokoa namna gani? Wako wanaotaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, hata rangi. Wengi zaidi hufunga injini ya dizeli ya Isuzu au Nissan, huweka breki bora, hubadili usukani, kisha hulipeleka gari kazini. Wa kwanza huwaambia wa pili kwamba wanaharibu urithi. Mimi niko upande wa hao wa pili, na sababu yangu ni hiyo historia niliyoieleza. Pikapu hizi hazikuwahi kubaki kama zilivyotoka kiwandani hata kwa miaka kumi. Zilidumu kwa sababu zilibadilishwa. Kijana anayechonga kibano cha injini ya Isuzu kikae kwenye chesisi ya mwaka 1972 anafanya kile kile alichofanya babu yake alipokata bushi kutoka kwenye tairi. Huo ndio urithi wenyewe.

Hapa pana jambo ninalotaka msomaji alipime. Siku moja mnadani kijana wa jirani alikuja na 109 yake aliyoipaka rangi ya kijivu, ile iliyokuwa ya magari ya serikali. Watu walilizunguka wakilisifu. Bibi mmoja alikaa mbali, hakusogea. Kijana akamfuata, akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Mbona huji kuliona gari?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu. "Mimi nalijua. Lilipokuwa likinguruma kule bondeni, sisi tulikimbilia msituni."

Kijana hakuwa na la kusema. Lakini hakuondoka. Alikaa chini karibu naye, akauliza wao ni nani, walikimbilia msitu gani, walirudi lini. Alisimuliwa hadi jua likazama. Tangu hapo amekuwa na daftari la shule ndani ya kibanda cha gari, na kila anayelitambua gari hilo, kwa wema au kwa ubaya, huandikiwa maneno yake humo.

Oktoba 2024 Arusha palifanyika tamasha la Land Rover kwa nia ya kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Yalikusanyika mengi, na vijana wetu walitazama picha kwenye simu kwa furaha kubwa. Nami nilifurahi. Hata hivyo, msafara huonyesha magari. Hauonyeshi waliobebwa, waliokimbia, wala waliolala chini ya injini kwenye tope la Machi wakitafuta nati iliyodondoka.

Nawaomba vijana wa Kilolo walihifadhi gari pamoja na yote mawili yaliyokuwa katika sauti yake, msaada na hofu. Gari lililong'arishwa bila simulizi zake ni pambo tu, na pambo likichosha macho huuzwa kwa kilo. Nawaomba na wazee wenzangu waache kucheka. Mafundi waliojifunza kazi katika miaka ya shida wanapungua kila msimu wa mvua, na lami inaposogea kuelekea vijiji vyetu, haja ya mkono wa njano na ule mwekundu itapungua nayo. Vijana wameshika spana wenyewe, bila kutumwa na mtu. Kazi yetu ni kukaa karibu nao na kuwaambia ukweli, wakiwa bado wana hamu ya kuuliza na sisi tukiwa bado tunakumbuka.