Toa Mkono

Jioni moja kijijini Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, binti wa kaka yangu alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha darasa la pili bila kukosea. Nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea "kusoma".

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi ndiye ninayeandika tasnifu kuhusu historia ya usomaji mkoani Tanga.

Kwenye tasnifu yangu Tanga inang'aa. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likachapishwa mjini. Mwaka 1909 Shaaban Robert akazaliwa Vibambani. Lakini sifa ya mji haikufika kila kijiji.

Mwaka 2017 shindano la Global Learning XPRIZE lilianza kugawa tableti katika vijiji takriban 170 vya mkoa huu, kwa watoto karibu 3,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana tuzo ya dola milioni 10.

Tuliosoma habari hizo tulisifu mashine. Sasa naona cha kusifu zaidi ni mazungumzo: mtoto akigusa, kitabu kinajibu, akikosea, kinamsubiri. Bibi zetu walilijua hilo bila betri. Akisema "Paukwa!", haendelei mpaka tuitike "Pakawa!" Darasani pia watoto huitikia, ila kiitikio kile hudai sauti tu. Macho yanaweza kuwa dirishani.

Kesho yake nilikunja karatasi nne, nikazishona kwa uzi wa nyavu. Nikaandika hadithi ya mvuvi, na kila ukurasa nikauachia pengo. Mvuvi kavua nini? Akafikiri, akaandika mwenyewe, herufi moja moja: pweza. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, naye akaanza kuisoma upya peke yake.

Nikaufunika ukurasa kwa kiganja, kama jana.

"Shangazi, toa mkono," akasema. "Sioni."