Ngoma za 1967, Majina Hayapo: Somo kwa Prodyuza wa Kalinzi Anayetafuta Sampla

Kila kijana anayefungua studio gheto, awe Ujiji, Mwanga au juu kule Kalinzi kwenye kahawa, anakutana na swali moja mapema sana: sampla ipi? Majibu ya washkaji huwa ya haraka. Mmoja anasema bila Kontakt hakuna kitu. Mwingine anasema FL Studio inatosha, acha mbwembwe. Wa tatu hasemi neno, anatuma linki ya programu iliyovunjwa lock na emoji ya moto.

Wote wanaongelea programu. Hakuna anayeuliza ndani ya hiyo programu itaingia sauti ya nani. Na hilo ndilo swali ambalo historia ya sampla imelibeba tangu mwanzo, tena historia yenyewe imepita jirani kabisa na Kalinzi. Panda barabara ya kwenda Manyovu, vuka mpaka, uko Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, watu wanaelewana bila mkalimani. Kwa hiyo hii stori siyo ya mbali.

Kwanza tuelewane. Sampla ni mashine au programu inayobeba sauti iliyorekodiwa, iwe pigo la ngoma, noti ya gitaa au hata mlango unaogonga, halafu inakuruhusu kuipiga kwa kinanda au pedi. Haitungi sauti kutoka hewani kama sinthesaiza. Inabeba sauti iliyokwisha pigwa na mtu mahali fulani. Utamu wake upo hapo, na utata wake upo hapohapo.

Kabla ya sampla kulikuwa na mkasi

Mwaka 1967 Wafaransa walienda Burundi na mashine za kurekodi. Kijijini wakakutana na kundi la wapiga ngoma 25. Ngoma zile siyo za kubahatisha. Kuna inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza. Kuna amashakwe, zinazoshika mwendo bila kuyumba. Kuna ibishikizo, zinazomfuata na kumjibu kiongozi. Wazee wa ingoma waligawa kazi hizo zamani sana, kabla biti hazijaanza kupangwa kwenye skrini.

Rekodi ikatoka Ufaransa mwaka 1968 kwenye santuri ya lebo ya Ocora, jina lake *Musique du Burundi*. Ilikuwa ya watafiti na wapenzi wa muziki wa asili. Hapo ingeweza kuishia maktaba.

Haikuishia. Mwaka 1971 zilezile ngoma zilitoka tena Ulaya, safari hii zimewekewa piano na gitaa juu, zikauzwa kama wimbo wa pop uitwao "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell, staa mkubwa kutoka Kanada, akachukua kipande cha rekodi hiyo, akakizungusha kama lupu na kuimba juu yake kwenye "The Jungle Line". Mwaka huo sampla ya kununua dukani haikuwepo. Lupu ilitengenezwa kwa kukata tepu na kuiunganisha. Ndiyo maana wimbo huo hutajwa kati ya mifano ya mwanzo ya sampling kwenye pop. Kufika 1980, Adam and the Ants wa London walikuwa na madrama wawili jukwaani wakiiga mdundo huohuo, na Waingereza wakaupa jina kabisa: mdundo wa Burundi.

Sasa hesabu. Mitchell anajulikana. Adam Ant anajulikana. Lebo inajulikana. Wale 25 waliopiga wakapewa jina la jumla tu, "ngoma za Burundi". Mikono yao ilizunguka dunia, majina yao yakabaki kijijini. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Heshima kubwa, lakini ilikwenda kwa ngoma na taifa. Wale 25 wa kwenye tepu hawakutajwa mmoja mmoja.

Kutoka mashine ya tajiri hadi laptop ya gheto

Mwaka 1979 Australia ilitoa Fairlight CMI, kompyuta ya muziki iliyoweza kurekodi sauti na kuipiga kwa kinanda. Bei yake ilikuwa maelfu mengi ya pauni, kwa hiyo ilikaa kwa mastaa na studio kubwa. Mwaka 1987 ikaja SP-1200 ya E-mu, mashine iliyobeba sekunde kama 10 tu za sauti kwa jumla. Hizo sekunde 10 ziliwatosha vijana wa hip hop wa New York kubadilisha muziki. Mwaka 1988 Akai na Roger Linn wakatoa MPC60, yenye pedi 16 za kugonga kwa vidole.

Halafu mashine zikaanza kuhamia ndani ya kompyuta. FruityLoops ikatoka Ubelgiji mwishoni mwa 1997, na mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio. GigaSampler ya 1998 ikaleta ujanja wa kusoma sauti moja kwa moja kutoka kwenye diski badala ya kuijaza yote kwenye RAM. Kontakt ya Native Instruments, kampuni ya Berlin, ikafuata mwaka 2002.

Hapo ndipo Waswahili walipoingia kwa nguvu. Singeli ya uswahilini Dar haikungoja mashine ya gharama. Madogo wa Mburahati na kwingineko walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, kwenye kompyuta za kawaida kabisa. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa *Sounds of Sisso*, na singeli ikaanza kuchezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hakuna aliyeuliza laptop ilikuwa na RAM ngapi.

Sasa, ipi?

Kwa prodyuza wa Kalinzi maswali ya maana ni manne.

La kwanza: inakubali sauti zako mwenyewe kirahisi? Hapa wengi huumia. Kontakt Player ya bure imetengenezwa kwa ajili ya maktaba zenye leseni yake. Ukiweka maktaba nyingine, au uliyoijenga mwenyewe, inafanya kazi kwa muda mfupi kisha inakata. Kontakt kamili haina shida hiyo, ila inalipiwa. Kwa upande wa bure kuna Decent Sampler, kuna sforzando ya Plogue, kuna TX16Wx. Sforzando inasoma mafaili ya SFZ, ambayo ni maandishi tu. Unaweza kupanga ngoma yako nzima kwa Notepad.

La pili: laptop itaibeba? Maktaba kubwa za okestra hufika makumi ya GB. Bando litalia, diski itajaa. Ila ngoma uliyorekodi mwenyewe ni nyepesi mno. Mapigo 30, kila moja sekunde 2, mono, ubora wa CD: jumla ni kama MB 5 na kidogo. Unaitupia mshkaji hata kwa WhatsApp, ukiituma kama faili ili isiminywe.

La tatu: utaifungua kesho? Toleo la majaribio la FL Studio linakuruhusu kusevu kazi, lakini huwezi kuirudia mpaka ulipie. Ukilipa mara moja, maboresho yote yajayo ni bure. Ila angalia: toleo la bei ya chini halirekodi maiki, anza na la Producer. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu kila kitu, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ndani yake ina sampla ndogo tayari. Ile ya kuvunjwa lock ni bure mpaka siku virusi vitakapokula projekti ya mteja.

La nne ndilo lenye uzito: sauti inatoka wapi? Ukinunua pakiti ya "African drums" mtandaoni, unaweza kuwa unalipia ngoma za jirani yako zilizozunguka Ulaya na kurudi bila jina. Na mwenye ngoma yupo hapohapo, dakika kumi kwa boda.

Kwa hiyo mpango wa bei nafuu ni huu. Maiki moja, au hata simu nzuri, sehemu isiyo na upepo. Mwombe mzee apige kila ngoma polepole, kisha wastani, kisha kwa nguvu, na kila nguvu arudie mara nne au tano. Marudio yana kazi yake: sampla ikipiga faili lilelile mara 16 mfululizo, sikio linasikia bunduki, siyo mkono. Ukiipa marudio ya kubadilishana, ngoma inapumua. Kisha katakata kwa Audacity, ambayo ni bure, na upange kwenye sampla. Kazi ya jioni mbili.

Kabla ya kukata kuna hatua ambayo ilirukwa 1967. Jina la faili liandikwe kamili: nani kapiga, ngoma gani, wapi, tarehe gani. Mkubaliane mapema, tena kwa maandishi, wimbo ukiingiza hela yeye anapata nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za asili za jamii, kwa hiyo "ni ngoma ya kienyeji, haina mwenyewe" siyo utetezi. Wimbo ukishalipuka ndiyo mnaanza kukumbushana, umechelewa. Undugu huwa unaharibikia hapo.

Sampla bora kwa studio ya Kalinzi, basi, ni yoyote ya bei unayoiweza inayofungua faili ulilorekodi mwenyewe. Kwa asiye na kitu, sforzando au Decent Sampler ndani ya Reaper inatosha kuanzia. Kwa mwenye hela kidogo, FL Studio Producer. Kontakt kamili ije baadaye, kazi zikishalipa.

Wale 25 hawakuulizwa. Mzee wa kwenu bado anaweza kuulizwa, na jina lake likakaa kwenye maelezo ya wimbo pale YouTube, juu kabisa, kabla ya jina la aliyefanya miksi.

Wewe mdau wa mwisho wa reli, studio yako inatumia sampla gani, na ngoma zilizomo ndani zilipigwa na nani? Dondosha jina lake hapo chini, kama mwenyewe ameridhia.