Tatizo la Neno "Athari" katika Muziki wa Kompyuta

Miongoni mwa istilahi zinazohitajiwa na walimu wa muziki, ipo moja isiyoweza kutafsiriwa sawasawa bila kujua kwanza historia yake. Ni ile ya vifaa vya midi viwekwavyo mbele ya ala katika programu za kutengenezea muziki, ambavyo mfasiri mwenye haraka angeviita "athari".

Mwaka 1981, Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits, Marekani, aliwapendekezea wahandisi wenzake njia moja ya kuunganisha vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali. Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwasisi wa Roland, alikuwa na shauri kama hilo. Januari 1983, katika maonyesho ya ala huko California, Prophet-600 iliunganishwa na Jupiter-6. Kikapigwa kinanda kimoja, vikalia viwili. Waya ule haukupitisha sauti hata kidogo, bali maagizo: noti namba fulani, kati ya 0 na 127, ianze, imebonyezwa kwa nguvu kadha, sasa ikome.

Mwangwi wa kawaida hutiwa katika sauti iliyokwisha kutoka. Kifaa cha midi hulidaka agizo kabla halijafika kwenye ala. Noti 60, iliyo katikati ya kinanda, ikiongezwa 12 huwa 72, na ala huipiga hiyo ya juu kana kwamba mpigaji ndiye aliyeibonyeza. Kifaa kingine hupokea noti zilizoshikwa pamoja kikazipiga moja moja, mfano wa vidole juu ya nyuzi za kinubi. Na jina lake la asili, la Kitaliano, latokana na kinubi chenyewe. (Hiki ni kikongwe kuliko midi: Jupiter-4 ya mwaka 1978 ilikuwa nacho.)

Basi mwanafunzi aliyeambiwa kuwa vyote ni "athari" atakiweka kifaa hicho juu ya sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa, naye atangoja sana, maana sauti hiyo haina agizo la kugeuzwa. Tena, neno athari lina maana ya alama iliyobakia, pengine hata dosari. Ilhali katika programu nyingi noti zilizorekodiwa hubaki kama zilivyopigwa, na kifaa kikiondolewa muziki wa awali hurudi mzima.

Wanamuziki wetu hutumia neno "vionjo", nalo ni zuri. Tungependa libakizwe kwa yale yanayokoleza sauti, kama mwangwi. Kwa vifaa vya midi twapendekeza "kigeuza-agizo", wingi "vigeuza-agizo". Ni neno refu, lakini lamwonyesha mtumiaji mahali pa kukiweka. Kwa kile cha mfano wa kinubi tumefikiria "kidonoa-noti". Walimu wa gitaa, ambao vidole vyao vinaijua kazi hiyo, watuandikie kama wanalikubali.